Ndoo Nyeupe za Bi Makopo

Jumamosi ile dada yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akikitazama kile cha mkononi kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikapu changu, namngoja.

"Dada, tunakwenda au hatuendi?"

"Ningoje kidogo. Magoti bado hayajaamka."

Dada yangu ni mtunza bustani katika hospitali ambayo mimi nafua mashuka. Nasema bustani kwa mazoea tu, maana mle ndani hakuna shibiri moja ya ardhi iliyo wazi. Ua wote umemwagwa saruji tangu ukuta hadi ukuta. Miaka kumi na tisa sasa anapanda kwenye vyombo: madebe ya mafuta, sufuria zilizotoboka, matairi, sinki lililopasuka, beseni ambalo zamani lilioshea watoto wachanga. Wagonjwa ndio waliomwita Bi Makopo. Jina alilopewa na wazazi wetu limebaki kinywani mwangu na kwenye karatasi za ofisi.

Kila Jumamosi tunatoka kwa miguu, yeye na mimi. Hatuendi mbali. Tunapita kwa seremala kuomba maranda, kwa mfuga ng'ombe kuchukua samadi iliyokwisha kupoa, halafu kwa mwenye kitalu cha miche karibu na daraja. Njiani Dada anachungulia nyua za watu. Akiona mmea uliomvutia anapiga hodi, anasalimia vizuri, anaomba kijiti cha kwenda kuchomeka. Sijaona akinyimwa. Na akiona chombo kibovu kimetupwa anakigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake, kisha anasema, "Hiki bado kina kazi," nami najua kikapu kitaongezeka uzito.

Siku hiyo alipumzika mara tatu kabla ya daraja. Zamani hakupumzika hata mara moja.

"Bi Makopo," mwenye kitalu akamwambia, "leo umechelewa mpaka nikadhani umeolewa."

"Nani aoe magoti haya? Labda muuza dawa ya kuchua."

"Muuza dawa atakataa, maana utammalizia duka. Haya, masika haya unatupandia nini?"

Hapo uso wa Dada hufunguka kidogo, hata akiwa amechoka namna gani. Akamweleza. Kwenye madebe ya uani atapanda spinachi na vitunguu majani, kwa sababu vinapenda maji ya mvua. Mshubiri na mimea mingine ya kiangazi ataisogeza chini ya paa, maana hiyo ukiinywesha sana inaoza kwa shukrani. Kwenye matairi ataweka mchaichai, utakaoshika udongo usichukuliwe na mvua. Mrehani, mnanaa na kivumbasi viko barazani, mbele ya wodi ya wanawake, ili wagonjwa wapate harufu na mbu wapate adabu.

Kisha akachuma jani moja kwenye mche wa yule bwana, akalikunja.

"Nikuulize. Mrehani ukianza kugeuka njano mvua za kwanza zikinyesha tu, ni nini?"

"Hilo ni swali la kuniuliza mimi, wewe? Maji yamesimama chini. Chombo hakikutobolewa."

"Nimetoboa."

"Basi ukichaa wa mrehani."

Wote tukacheka. Lakini njiani kurudi, tulipokaa kupumzika, Dada aliangalia mikono yake.

Mrehani wenyewe ulikuwa kwenye ndoo nyeupe. Miezi miwili nyuma, wapaka rangi walimaliza wodi wakaacha ndoo ishirini, nyeupe, nzima, zenye mishikio. Matroni akampa Dada. Kwa Dada ndoo mpya ni kama nguo ya harusi. Wiki ile alikuwa na homa, mwanawe alikuwa amesafiri kikazi, na mimi nilikuwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo aliziandaa peke yake nyumbani kwetu. Desturi yake ni matundu matano: manne pembeni, moja katikati. Anapasha nondo nyembamba kwenye jiko la mkaa, anataja jina la Mungu, anatoboa. Juu ya matundu anaweka vigae, kisha kokoto, ndipo udongo. Masika yakikaribia, kila chombo kinakaa juu ya matofali mawili ili maji yapate pa kutokea. Ndoo zile alizipanga kwenye ngazi na ukingoni mwa baraza nyekundu ya wodi ya wanawake, mahali ambapo mgonjwa anaziona akiwa amelala.

Hakuna aliyemwona akizitoboa. Na siku hizi Dada yangu alikuwa anasahau. Alisahau birika jikoni mpaka likaungua kitako. Aliniita kwa jina la dada yetu mwingine ambaye Mungu alimchukua zamani. Tulikuwa tunayacheka mambo haya, lakini kicheko chake kilikuwa kinapungua.

Jumatatu alikuja Bwana Afya, yule anayekagua usafi. Nilikuwa naanika mashuka, nikawaona yeye, Matroni na Dada wamesimama barazani. Bwana Afya akachukua kikombe, akakitumbukiza kwenye ndoo nyeupe ya kwanza. Juu ya udongo maji yalikuwa yamesimama kama chai kwenye bakuli. Akakiinua kikombe kwenye mwanga.

"Matroni, njoo uone. Hawa wanaocheza humu ni viluwiluwi vya mbu. Hospitali inatibu malaria ndani na kuifuga mlangoni."

Hakusema kwa ukali, na labda ndiyo maana iliuma zaidi. Akapita ndoo zote ishirini. Kila moja ilikuwa na maji.

"Narudi Alhamisi," akasema. "Chombo nitakachokikuta na maji kinakwenda jalalani, na vyote vya uani pia. Siwezi kuchagua."

Alipoondoka, Matroni akamgeukia Dada. Matroni ni mwanamke wa haki, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alikuja pale akiwa muuguzi kijana, Dada akiwa tayari yupo.

"Bi Makopo, ndoo hizi ulizitoboa?"

Dada akatazama ndoo. Nilimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo ndani ya mkoba.

"Naona nilisahau," akasema.

"Ishirini zote?"

"Nilikuwa na homa wiki ile. Naona nilisahau, Matroni. Nisamehe."

Matroni akavuta pumzi. "Mama yangu, umetumika vya kutosha. Tupite hiyo Alhamisi, kisha tukae tuzungumze habari ya kupumzika. Hata kama ni kuweka maua ya plastiki, yale hayahitaji mtu kuinama."

Nilirudi kwenye mashuka yangu. Niliomba nikiwa nasuuza, maana sikuwa na jambo lingine la kumfanyia.

Nyumbani tunakaa watatu: Dada, mimi, na mwanawe ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ni mtu mzima mwenye mabega mapana na mdomo mwepesi. Jioni tulikuwa tunakula, yeye akasukuma sahani kidogo.

"Mama, chumvi umeitia mara mbili."

"Nimeitia mara moja."

"Basi na Mama Mdogo ametia. Wazee wamekula chumvi nyingi, sasa wanataka na sisi tule yote kwa siku moja."

Siku nyingine Dada angemrushia kitambaa cha sufuria. Siku hiyo alisema tu, "Labda nimetia mara mbili," akainuka na sahani yake.

Mwanawe akanitazama. Nikamweleza yaliyotokea barazani. Akajutia mzaha wake, akamfuata mama yake jikoni, nami nyuma yake.

"Mama, na hata kama ulisahau? Pumzika. Umenilea kwa makopo hayo, sasa nikulee mimi. Kuna ubaya gani?"

"Kupumzika si ubaya, mwanangu," Dada akajibu akiwa ametupa mgongo sisi. "Mimi kuchoka nimechoka, simfichi mtu. Nikiamka asubuhi mwili unaniuliza, tena? Lakini nikistaafu kwa sababu ya magoti, nitakuwa mtu aliyechoka. Nikistaafu kwa sababu hii, kila nitakalosema kuanzia leo mtatazamana kwanza ndipo mnijibu. Kama mlivyofanya sasa hivi."

Na ni kweli tulikuwa tumetazamana.

Jumanne nilibadilishana zamu nikaenda kumsaidia kumwaga maji. Nondo tulibeba, na jiko dogo la mkaa, ili azitoboe upya. Ndoo moja iliyojaa udongo na maji ni mzigo wa watu wawili wenye nguvu. Sisi tulikuwa wawili tu. Tukaiinamisha ya kwanza pole pole ukingoni mwa baraza, udongo ukateleza kwenye gunia ukinuka uchungu, mrehani ukalala juu yake na mizizi myeusi. Tukaigeuza ndoo chini juu.

Matundu yalikuwepo. Manne pembeni, moja katikati. Na kila moja lilikuwa limezibwa kwa tambara lililosokotwa likapakwa nta nyekundu.

Dada akaketi kwenye ngazi. Akaingiza ukucha, akachomoa tambara moja, akalinusa. Akanipa na mimi. Lilinuka mafuta ya taa na mshumaa.

"Nilitoboa," akasema.

"Ulitoboa, Dada."

"Nilitoboa yote." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni nyumba ilipo. Kisha akafunika macho kwa kiganja. Sikumgusa. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu kimya kimya, huku nimeshika lile tambara.

Kunusa tu tulikuwa tumejua ni la nani. Baraza ile nyekundu inang'arishwa kwa nta inayopikwa palepale hospitalini, mishumaa ikiyeyushwa na mafuta ya taa na rangi kidogo, na anayeipika ni mtu mmoja. Ni mwanamke aliyeanza kazi ya usafi miezi mitatu iliyopita, yuko kwenye majaribio bado, na kwa jinsi anavyosugua tulikuwa tumempa jina la Mama Deki. Mumewe amekufa, watoto wako kwa bibi yao. Wakati ule alikuwa anakuja na ndoo yake na fagio la kupigia deki, akaona ndoo yetu imepinduliwa. Akasimama.

"Bi Makopo, shikamoo."

"Marahaba. Njoo ukae."

"Nina sakafu ya wodi."

"Sakafu haina miguu. Kaa."

Akakaa, ngazi moja chini yetu. Dada akaliweka tambara baina yao.

"Hili lako?"

Mama Deki hakukataa.

"Langu. Mama, mimi nilidhani nakusaidia na wewe."

"Nisaidie kivipi?"

"Ndoo zikinyeshewa zinatoa maji ya udongo. Maji yanashuka ngazi zote. Mimi baraza hii nasugua saa kumi na moja alfajiri, kwa magoti, saa moja Matroni anapita, anakuta mistari kama nyoka. Mara ya kwanza ananiambia, rudia. Mara ya pili, rudia. Mara ya tatu ananiuliza kama kazi naiweza. Nikainama nikaona matundu chini. Nikasema, kumbe ndoo zinavuja, na huyu mama mtu mzima hajui. Udongo wake unaisha kidogo kidogo. Nikaziba zote, mbili mbili kila siku."

"Zinavuja," Dada akarudia.

"Ndoo nikiiona ina tundu mimi najua imeharibika. Kwetu ndoo ya hivyo tunaziba kwa nta. Sikujua kama mtu anatoboa kwa kukusudia."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana Dada alikuwa ameanza kutikisika mabega, nami sikujua kama analia au anacheka. Nadhani yalikuwa yote mawili.

"Ungeniuliza, mwanangu."

"Nilikuogopa. Kila mtu hapa anakuamkia wewe kabla ya daktari." Akafuta mikono kwenye sketi. "Utamwambia Matroni?"

Dada akanyoosha miguu. Akamwonyesha magoti yake, yaliyovimba kama viazi. Mama Deki akapandisha sketi kidogo akaonyesha ya kwake, meusi, yenye sugu. Wakaketi wakitazama magoti yale manne.

"Wewe bado hujafika kwangu," Dada akasema.

"Nakuja, mama. Nipe miaka miwili ya baraza hii."

Siku hiyo na Jumatano tulifanya kazi watatu. Mama Deki alikuwa anamaliza wodi zake mapema anatukuta nje, analala ubavu kwenye saruji, anachomoa matambara kwa msumari. Ndiye aliyeona jambo ambalo Dada, kwa miaka kumi na tisa, hakulijali: kwamba upande wa kushoto wa baraza kuna mfereji wa maji ya paa, na ndoo zikikaa juu ya ukingo wake, maji yote yanaangukia humo, ngazi inabaki kavu. Tatizo, ukingo unabeba ndoo nane tu.

"Nane," Dada akasema. "Na hizi kumi na mbili?"

"Mrehani wa hizo umekufa, mama. Angalia mwenyewe."

Dada akaangalia. Mizizi ilikuwa imeoza, miche mingi haikufaa hata kukatwa kijiti. Niliona inamuuma, lakini hakubisha. Tukazimwaga, tukazisuuza, tukazipanga juu chini karibu na kamba zangu za nguo. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimsihi Dada aseme ukweli wote, kwamba aliyeziba matundu si yeye, jina lake lisafishike.

"Nikisema jina la yule, kesho hana kazi," akasema. "Nisiposema, kesho mimi sina akili. Niache nikamwombe Mungu, mdogo wangu. Nimechoka hata kuchagua."

Alhamisi Bwana Afya alikuja na kikombe chake. Akapita uani, akapita ukingoni mwa mfereji, akaingiza kidole chini ya kila ndoo. Kote kukavu. Akatia alama kwenye daftari, akasema asante, akaenda zake.

Matroni akabaki na Dada nami. Mama Deki alikuwa kwenye mlango wa wodi na fagio lake, halisogei.

"Hongera, Bi Makopo. Umezitoboa zote kwa siku mbili?"

"Sikutoboa hata moja, Matroni. Zilikuwa zimetobolewa tangu homa ile. Matundu yalizibika, tumeyazibua."

"Yalizibwa na nini?"

Dada akatoa tambara moja mfukoni akampa. Matroni akaligeuza. Nta ikamwachia wekundu kwenye kidole gumba. Akatazama kidole, akatazama baraza iliyokuwa inang'aa chini ya viatu vyake. Hakugeuza kichwa kuelekea mlangoni, ingawa nadhani sote watatu tulijua kwamba amekwisha kufika huko kwa mawazo. Mlangoni fagio liligonga ukuta.

"Matroni," Dada akasema, "ukitaka nipumzike, nitapumzika. Nimechoka kweli. Zile kumi na mbili sitazirudisha, na za uani nipunguzie, nibakize zile ambazo naweza kuzimwagilia bila kuinama. Masika yakiisha tuzungumze tena. Ila uandike magoti. Usiandike kwamba nilisahau."

Matroni akasugua wekundu ule kidoleni.

"Sikuandika kitu," akasema. "Na kesho maji yakishuka kwenye ngazi hii?"

"Hayatashuka," Mama Deki akajibu kutoka mlangoni, sauti imemkauka. "Tumeyapeleka kwenye mfereji."

"Tumeyapeleka," Matroni akarudia. Akalikunja tambara, akaliweka kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akaingia wodini.

Nilikwenda na Dada mpaka kwenye kamba zangu. Mvua ilikuwa inakusanyika, nikawa naanua mashuka kwa haraka, naye amekaa kwenye jiwe la kufulia akinikunjia yale madogo. Akaziona zile ndoo kumi na mbili.

"Chukua hizo," akaniambia. "Kila siku unalalamika huna vyombo vya kulowekea."

"Nitalowekea nini, dada yangu? Kila moja ina matundu matano."

Akazitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomchukua muda, machozi yakimtoka, shuka likiwa limemwangukia mapajani. Alipomaliza akajifuta kwa pindo la shuka lile lile, ikabidi nilirudishe kwenye maji, na akaninyooshea mkono nimsaidie kuinuka.